Mikono ya Mwalimu wa Historia

Mwalimu wetu wa historia hakufungua sura ya kwanza, ile ya mjukuu wa mungu wa jua kushuka kutoka mbinguni kutuletea wafalme, kabla hajanawa kwenye beseni na kufuta vidole kimoja kimoja. Sauti yake kavu hapo ililainika. Japani iliposhindwa vita, ikaja amri sura hiyo tuipake wino mweusi isisomeke. Akanawa vilevile, akatugawia brashi.

“Kwani ni uongo, Mwalimu?” mwenzetu Hisae akauliza.

“Ni ngano. Nimejua tangu chuoni. Taifa haliishi kwa ukweli mtupu, binti yangu.”

Hisae akaweka brashi chini.

“Na kaka yangu uliyemuaga akafie vitani, ulimwambia?”

Mwalimu akatumbukiza tena mikono kwenye beseni. Kengele ililia, mikono hajaitoa.