Mbegu Sita Kiganjani

Mbegu za maharage zilizolala miezi kwenye majivu zina harufu yake: kavu, chungu kidogo, kama jiko lililozimwa jana. Msimu ule, nyumbani karibu na Kasulu, mama alikuwa amelazwa hospitali ya Kabanga kwa upasuaji. Aliagiza maharage ya njano yapandwe mbali na mekundu. Ya njano hukauka mapema, na kwetu maharage hung'olewa mche mzima. Yakichanganyika, mvunaji huinama akichagua mche baada ya mche. Mama asingeweza kuinama hivyo. Nami, kwa uvivu wa kubeba vibuyu viwili, nilimimina mbegu zote katika kimoja.

Shangazi, aliyekuja kutoka Munanila kwa siku hiyo tu, alichungulia akacheka. "Yewe, umepika kabla ya kupanda! Maji yakimwagika hayazoleki." Mawingu yalishatanda, muda wa kuchambua haukuwepo. Akaanza kupiga mashimo, nami nyuma yake. Lakini mbegu si maji. Mdomo mwembamba wa kibuyu ulitoa moja moja, na sikujua itakayofuata. Niliweka sita kiganjani. Zaidi ya hapo zilianguka. Kila shimo lilidai moja, na kwa kila iliyotoka nilitikisa nyingine ichukue nafasi yake. Nikajiwekea sheria: nikianza njano, nipande njano hadi ziishe mkononi, ndipo nigeukie nyekundu.

"Unachelewa nini huko nyuma?"

"Nasubiri zifanane, shangazi."

"Basi subiri huku unatembea!"

Nikatembea. Rangi ziligeuka pengine baada ya mashimo saba, pengine kumi na matano. Wakati wa kuvuna, mama alikaa chini, akang'oa kipande kizima cha njano bila kuchagua, akajisogeza, akaruka chekundu. "Ungebeba vibuyu viwili," alisema, "usingetoka jasho." Lakini alikuwa anatabasamu, na jioni tulikula.

Niliacha shule darasa la tano. Nimefyatua matofali Kasanda, nimepakia mizigo Kibondo, kote nikiuliza kuhusu mbegu zile. Mwaka huu mwalimu mmoja wa hesabu, mtu wa Tanga, ameniambia wataalamu huandika kuhusu jambo hilo: vitu vinaingia bila kujulikana mpangilio wake, nafasi ni ndogo, kila kinapoingia kimoja, kingine lazima kitoke; je, utaratibu kiasi gani unaweza kupatikana? Amenipa daftari. Ukurasa wa kwanza umenishinda mara mbili. Wakati ule ilitosha kwamba mama amevuna bila kuumia. Leo haitoshi. Nataka kujua mbegu ya saba kiganjani ingempunguzia kujisogeza mara ngapi, na nitaurudia ukurasa huo hadi nijue.