Jina Langu Liliitwa Mara Moja

Michembe inayouzwa sokoni siku hizi haina ladha. Juzi nimetafuna kipande nikakumbuka safari ya Busisi, ambayo haihusiani na habari ninayotaka kukusimulia, lakini nivumilie, mwenzangu. Mimi sijui njia ya mkato.

Nilikuwa na miaka mitano, au sita, nani alikuwa anahesabu. Bibi alinichukua tuvuke ghuba kwenda Sengerema kwa shangazi aliyejifungua. Kichwani alikuwa na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu alivyovikata na kuvianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Tukiwa majini nikanyoosha kidole nimwonyeshe kisiwa. Akanikunja kidole kama mtu anayefunga kisu. "Kisiwa hakinyooshewi kidole. Kina wenyewe." Basi. Hakueleza zaidi. Bibi alikuwa na amri kwa kila mahali: za majini, za jikoni, za njia panda. Nyingi nimezisahau. Ya kilimani sijaisahau.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya kilima cha mawe, si mbali na mto Mirongo, na kuni tulizipata huko juu. Amri ilikuwa hii: ukiwa kilimani ukasikia jina lako mara moja, nyamaza. Mtu anayekutaka atakuita tena. Kilima hakijui kuita mara mbili, na anayekiitikia hashuki. Ndiyo maana bibi alikuwa akiniita mara mbili hata kwenye ugali, nikiwa nimekaa mbele yake.

Sasa, miaka ile ya hamsini, uhuru bado, nikiwa darasa la tatu, mwalimu akasema tutapanda kilima siku nzima tukaisome jiografia kwa macho. Alikuwa kijana, kaptura yake imepigwa pasi mpaka inakata. Yeye alikuwa haiti mtu mara mbili. Orodha ya asubuhi ilikuwa hivyo: jina lako mara moja, usipoitika, hukuja.

Tulianza na ukungu wa ziwa. Mawe yalikuwa yameloa umande, yanateleza kama samaki, tukawa tunashika mizizi ya mikuyu iliyokumbatia miamba. Kufika saa tano jua likageuza kila kitu. Jiwe lile lile lililotutelezesha sasa lilikuwa chungu cha kukaangia, na sisi peku. Mijusi wenye vichwa vyekundu walitutikisia vichwa. Mtoto wa kinyozi, rafiki yangu, ndiye peke yake aliyevaa katambuga za tairi, na hakunyamaza.

"Wewe tembea tu, Msukuma. Hizo si nyayo, ni kwato."

"Na wewe zishike hizo tairi zisije zikarudi kwenye lori."

Lakini kule juu, ndugu yangu! Ziwa lilikuwa limetandazwa kama ngozi iliyowambwa juani. Meli ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Treni ilitoa moshi, na mlio ulitufikia moshi ukiwa umeshatawanyika. Bati za jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, ziling'aa mpaka machozi yakanitoka. Mwalimu akasema huku kaskazini, huku magharibi. Mimi nilikuwa nalitafuta paa letu.

Tulipokwisha kula nikaenda pembeni kwa haja ndogo, nakwambia kama ilivyokuwa. Hapo nikamwona pimbi akiingia kwenye ufa kati ya mawe mawili, na humo mlikuwa mnatoka hewa ya baridi kama ya mtungi. Nikaingia ubavu ubavu nimfuate. Hatua mbili, tatu, chini pakaisha. Nikateleza, kifua kikakwama. Jiwe mbele, jiwe nyuma, miguu inaning'inia. Mbele ya macho yangu kulikuwa na ukoga wa kijani na mchwa mmoja aliyekuwa anapita zake.

Sikuogopa mara moja. Nilijua wenzangu wako pale, hatua ishirini. Ndipo jina langu likaitwa. Jina kamili, la ubatizo na la baba. Lakini mawe yale yanageuza sauti. Lilikuja kutoka chini ya nyayo zangu, zito, si sauti ya mwalimu niliyoizoea. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga.

Nikangoja la pili.

Nimengoja mengi maishani, hata mke aliyekwenda kusalimia kwao. Sijapata kungoja kama pale. Likaitwa jina la mwingine, akaitika. La mwingine. Kisha nikasikia kicheko cha mtoto wa kinyozi kinateremka, kinapungua. Baadaye nilisikia kwamba mwalimu alisema, "Huyo kwao ni hapo chini, ametoroka kwenda kula."

Hapo ndipo nilipotapatapa, na kila nilivyorusha miguu nikazama zaidi, hadi pumzi ikawa ya kijiko kijiko. Nilipiga kelele, ulitoka mlio wa mbuzi. Jua lilikuwa uzi mwembamba juu yangu, nikautazama ukihama jiwe hili kwenda lile.

Saa kumi na moja nikasikia jina langu. Likaja tena, upesi upesi, kama kwenye ugali. Mtoto wa kinyozi alikuwa amepita nyumbani kunicheka, hakunikuta, bibi akapanda naye. Nikatoa ule mlio wa mbuzi.

Bibi akateremsha kanga, nikaipitisha kwapani. "Toa pumzi, baba. Toa yote. Kuwa mfu kidogo." Nikawa mfu kidogo, wakavuta. Ngozi ya mbavu ilibaki kule.

Siku hizi kilima kile kimejaa nyumba mpaka kileleni, pimbi wamekwisha, mawe yamepasuliwa kokoto. Na watu hawaitani tena kwa midomo, wana simu. Uhuru ulipokuja walitafutwa wanaojua kusoma sawasawa; mimi nilikuwa nabeba marobota ya pamba bandarini. Sababu ni kesho yake ya siku ile.

Mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkuu wa shule alikuwa ameshamhoji.

"Ulinisikia nikikuita?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ukanyamaza."

"Bibi alisema kilimani..." Darasa likacheka kabla sijamaliza. Yeye hakucheka.

"Geuka. Waambie wenzako: bibi yangu alinidanganya. Ukishasema, kaa, tuendelee na hesabu. Usiposema, hukai."

Maneno matatu. Na mwalimu alikuwa na haki, nililijua hilo nikiwa nimesimama pale. Kilima hakikuniita, aliniita yeye. Mtoto wa kinyozi akaninong'oneza kutoka dawati la mbele, "Sema tu, bwana. Hayupo, hatasikia."

Bibi saa ile alikuwa amelala nyumbani, magoti yamevimba, yamefungwa majani. Nilifungua mdomo. Mwalimu akangoja, na nadhani alikuwa ananiombea niseme.

Nikaweka kibao changu cha kuandikia juu ya meza, taratibu kisivunjike, maana kilikuwa cha shule. Nikapita katikati ya madawati, nikatoka mlangoni, nikashika njia ya ziwani. Sikurudi.