Betri Kwenye Jamvi la Karafuu

Siku ile tulikuwa watano uani kwetu. Bibi mzaa baba alikaa kwenye kibao chake, miguu kainyoosha. Mdogo wangu wa kiume alikuwa chini ya upenu akimalizia mkia wa ndege yake ya kuchezea. Mdogo wetu wa kike, kitinda mimba, alikuwa akifukuza kuku wasichakure karafuu. Jirani yetu, ambaye sote tukimwita Ami ingawa hatuna damu naye, alikuja kuzigeuza karafuu zake. Wa tano ni mimi, mkubwa wao, niliyekuwa nimerudi kuchuma na bado nina majani kichwani.

Karafuu zilikuwa za Ami lakini ua ulikuwa wetu. Kwake miti imesongamana, jua haliingii. Kwetu ni peupe. Kila msimu alitandika majamvi yake uani petu, tukamlindia na mvua na mbuzi, naye akatupa fungu dogo.

Mama alifariki kwa uzazi wa yule wa mwisho. Baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu, na mdogo wangu alikuwa chini ya mti huohuo akiokota zilizodondoka. Hakulia siku ile. Alikaa kitako kando ya baba, konzi imejaa karafuu, na ilibidi tumfumbue vidole kimoja kimoja. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Sikurudi darasani. Nilichukua kamba ya baba nikaanza kupanda miti ya watu, na nilijiwekea sharti moja tu: huyu hatapanda. Atasoma, atatengeneza redio, atafanya atakalo, lakini mguu wake hautakanyaga tawi la mkarafuu. Bibi aliniunga mkono. Mengine yote tulikuwa tukigombana, hilo hatukugombana.

Akaangukia kwenye kutengeneza ndege. Mabawa aliyakata kutoka maboksi meupe ya kuwekea samaki, yale yanayotupwa sokoni Wete, kwa waya aliouchoma moto mpaka ukapita kwenye boksi kama kisu kwenye papai. Ndani ya bawa alipitisha ufito wa mwanzi lisivunjike. Mota, rimoti na vidude vya kuvuta mkia alitumiwa na binamu yetu wa Unguja anayetengeneza simu. Mwanzoni alitaka kutumia betri ya pikipiki, nikamwambia hata mwewe asingeruka na mzigo ule. Binamu akaleta betri nyingine, bapa, nyepesi, imevikwa plastiki laini, ilishatumika. Ilikuwa imevimba kidogo. Fundi wa simu wa mtaa wa Jadida aliitazama akasema itafaa mara chache, ila isibanwe wala isipate joto.

Mdogo wangu alinifundisha kuinua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa. Pua ikiinama, betri inasogezwa nyuma. Mkia ukiinama, inasogezwa mbele. Jambo dogo hilo, lakini nilikuwa nikishuka mtini mikono inatetemeka, na ndege ile ikitulia sawa juu ya vidole vyangu nilikuwa nasahau mengi.

Asubuhi ile aliijaza betri umeme, akaiweka barazani ipoe. Alasiri ilikuwa tuirushe kwenye kiwanja cha mpira.

"Na hii inabeba abiria wangapi?" Ami aliuliza, huku akizigeuza karafuu kwa miguu.

"Wewe Ami utalipia viti viwili," mdogo wangu akamjibu. "Kimoja cha tumbo."

"Mwana huyu hana adabu!"

"Mwache mume wangu," bibi akasema. "Mie ndiye abiria wa kwanza. Ananipeleka Unguja nikachague kanga mwenyewe, si hizi mnazoniletea za rangi ya matope."

Tulicheka. Nikamwona bibi anainuka, anashika ukuta, anapita barazani, anaelekea kwenye majamvi. Nilidhani anakwenda kumsaidia Ami.

Redio ya bibi ilikuwa haifi. Betri zake zikilegea alizitoa, akazianika juani, na jioni taarifa ya habari ilisikika tena. Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote, na baba, na kila mtu kijijini. Aliyeona alichokifanya siku ile ni mdogo wetu wa kike peke yake. Aliniambia baadaye kwamba bibi aliipapasa ile betri, akasema imekula unyevu ndiyo maana imevimba, akaiweka ukingoni mwa jamvi, akatafuta jiwe akaigandamiza ili uvimbe ushuke.

Kwanza tulisikia sauti, kama samaki mbichi aliyetiwa kwenye mafuta ya moto. Kisha moshi mweupe wenye harufu tamu ya kuchefua, na kabla sijaelewa moshi unatoka wapi, moto. Karafuu zina mafuta, na jamvi la ukindu ni kavu. Ami alishika ncha ya jamvi avute, akaliachia, kiganja kimebabuka. Mdogo wangu akaja na ndoo ya maji, kisha nyingine. Tulipouzima, jamvi moja lilikuwa jivu na mengine mawili yameloa maji meusi. Ami aliokota konzi moja, akainusa, akaitupa. Hakuna kituo cha karafuu ambacho kingezinunua.

"Nani kaweka kitu kile pale?" Ami akauliza.

Bibi alifungua mdomo.

"Mimi," akasema mdogo wangu.

Ami alimtazama yeye, akamtazama bibi, kisha akanigeukia mimi. "Mie sitaki maneno wala radhi. Nataka karafuu zangu. Msimu ujao mtanichumia bila ujira mpaka zitimie. Wewe na huyu. Mrefu huyu, atafika kileleni."

"Nitachuma mimi, Ami."

"Peke yako utanimalizia lini?"

"Sijui. Lakini huyu hapandi."

"Kachoma mali ya watu, hapandi! Mtoto wa sultani?"

Ami alifunga kiganja chake kwa kitambaa, akaondoka.

Ndege haikuungua. Ilitundikwa ukutani bila betri, na haikuruka siku ile wala baadaye. Bibi hakuitazama tena, wala hakumwita tena mdogo wangu "mume wangu". Alimwita kwa jina lake tu, kama mgeni.

Msimu uliofuata nilimkuta mdogo wangu kwenye mkarafuu wa Ami, kwenye tawi la kwanza, upembo wa kuvutia matawi begani.

"Shuka."

"Kaka, mie ndiye niliyesema ni mimi."

"Ulisema uongo. Shuka."

"Na wewe ukianguka?"

Nilimkamata kifundo cha mguu na sikukiachia. Alishuka, akakaa chini ya mti na kulia, kilio kile ambacho hakukilia alipokuwa mdogo. Kutoka hapo alichambua vikonyo na kubeba magunia, lakini hakupanda, na Ami alipita akatuona, akaenda zake.

Bibi alifariki wakati wa mvua za masika. Baada ya kumzika nilisimama kaburini, kama inavyompasa mkubwa wa familia, nikatangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwangu. Ami alikuwa safu ya mbele. Nilihofu atamtaja bibi, kwa sababu wakati huo nilikwishajua, kwa lile jicho alilomtupia, kwamba alijua tangu siku ya kwanza nani aliyeweka lile jiwe.

"Mie simdai marehemu," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Namdai mjukuu wake mkubwa."

Watu wengine walidhani ananiaibisha. Mimi nilimshika mkono, ule wenye kovu, na kumwambia ni kweli.

Mdogo wangu sasa yuko Unguja kwa binamu, anajifunza ufundi. Hajapanda mti. Mimi bado napanda, na goti la kushoto limeanza kugoma asubuhi. Mwaka huu mikarafuu haikuzaa vizuri. Nimemchumia Ami karafuu zote zilizokuwepo, tumepima pamoja uani, na bado ananidai gunia moja na nusu.