Sufuria ya Ubatizo

Boma, kwenye ofisi za serikali, waliponinyima kazi, niliingia duka moja hapa Tunduma kuomba ukarani. "No vacancy," mwenye duka akasema bila kuinua macho. Alikuwa akimsomesha bintiye Suratul-Maun, inayowakaripia wanaosali huku wakimnyima jirani hata chombo. Binti asipoeleza maana, hapewi sura nyingine.

Jirani, mama wa Kinyiha, akabisha hodi. "Baba, naomba kuazima sufuria kubwa. Kesho tunabatiza."

"Ngoja, mama, mtoto anasoma." Akamgeukia binti. "Haya, maana yake?"

Binti akaingia ndani, akatoka na sufuria. "Chukua, mama."

"Nimekuuliza maana!"

"Si ndiyo hiyo, baba?"

Mzee akacheka mpaka akavua kofia. "Haya, fungua sura inayofuata."

Mimi, examination zangu zote zilitaka maelezo tu. Nikaeleza, wakanipa cheti. Basi nikambebea yule mama sufuria mpaka kwake, maana kazi nyingine sikuwa nayo.