Shuka Kati ya Mkwe na Mama Mkwe

Mayige alizaliwa na pumu. Vumbi la pamba lilimbana kifua, akawaachia wenzake mashamba, na serikali iliporuhusu biashara huria akaanza kuuza mitumba pale Bariadi mjini. Mama wa mkewe Lukresia, mama Salu wa Nkololo, hakumkubali hata siku moja. Alimwita "yule wa kifua", tena kwa kupitia watu, maana kwa Wasukuma mkwe na mama mkwe hukwepana njiani, na kwa kukwepa Mayige alikuwa bingwa.

Mwaka tisini na nne mama Salu akalazwa hospitali pale Bariadi. Damu ilimwishia, na daktari Januarius akasema asipoongezewa siku hiyohiyo watampoteza. Wanawe wa kiume wanne wakafika. Wanasema damu nzito kuliko maji. Siku ile ilikuwa nzito hata kutoka. Mmoja akakumbuka ng'ombe, mwingine akakumbuka msiba, na wawili waliobaki damu yao haikulingana. Lukresia akamtazama mumewe, machozi yakimlengalenga.

Mayige akajitokeza. Alimweleza daktari habari ya pumu bila kuficha, akijua huenda akarudishwa. Januarius akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akampima damu, akasema kifua kimetulia na damu inafaa.

Furaha ikamwishia alipooneshwa kitanda. Kilichokuwa wazi ni kimoja tu, ubavuni mwa mama mkwe. Sindano hakuiogopa. Kulala hatua moja kutoka kwa mama mkwe ndiko kulikomtoa jasho, akatoka nje. Mashemeji wakanong'onezana kwamba walijua tu. Baada ya robo saa akarudi kutoka sokoni na shuka la mtumba lenye maua makubwa, akalitundika kati ya vitanda, akalala, akanyoosha mkono.

Juma lililofuata mama Salu alikuwa akijikongoja asubuhi kwenye baraza ya wodi, akamwona Mayige anakuja. Mayige, kwa mazoea, akageukia ukutani.

"Mkwe, usigeuke," mama akasema, bila kumtuma mtu. "Damu yako inatembea mwilini mwangu. Nikukwepe niende wapi?"

Mayige akageuka polepole, akainama.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama kwa Kisukuma, kwa mara ya kwanza tangu aoe.

Mama akaitikia, kisha akamuuliza kifua chake kimeamkaje.