Waya wa Upande wa Dirishani

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Langas, na kila kazi ninayofanya naiandika kwenye daftari: gari la nani, waya gani umetoka wapi kwenda wapi. Kwa hiyo haya ninayokuambia hayakutoka kwenye ndoto wala kwenye chupa. Mchoro ninao, wa mkono wangu mwenyewe, na ndani yake kuna waya mmoja ambao mwenye gari hakuniagiza.

Mwenye gari ni Mzee Kiptoo, mwalimu mstaafu wa Kapsoya. Ana lile gari ambalo nyuma yake ni nyumba kamili: kitanda, jiko, friji, sinki. Mapafu yake yana shida, na usiku hulala na mashine ya kumsaidia kupumua, mashine inayotumia umeme mpaka asubuhi. Yeye na mkewe walipanga kwenda kulala siku mbili kwenye msitu wa Kaptagat. Akaniita nimfungie mita ya betri, ili kabla ya kujilaza aone kwenye kioo kidogo ni asilimia ngapi imebaki. Unaelewa? Mita ile haikuwa pambo. Ndiyo ingemwambia kama pumzi itafika asubuhi.

Acha nieleze kidogo, sitakuchosha. Mita hiyo ina kipande cha chuma kinachoitwa shanti, kinachofungwa upande wa hasi wa betri. Kila kitu kinachotumia umeme ndani ya gari lazima waya wake wa hasi upitie hapo, ndipo kihesabiwe. Ukifunga waya moja kwa moja kwenye betri, unapita kando, kama gari linalokwepa kizuizi cha polisi kwa njia ya mashambani. Unakula, na mita haina habari.

Nilifika Alhamisi saa nane mchana, mvua ikianza. Mzee alinifungulia gari uani, akasema anaenda duka la dawa. "Mama yuko," akaniambia. "Ukitaka kitu, mwambie."

Nilikuwa nimelala kifudifudi chini ya kitanda, kichwa karibu na betri, niliposikia mtu akikaa juu ya kitanda hicho. Nikatoka kinyumenyume. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, sweta ya kijani, ameketi upande wa dirishani akitazama mvua.

"Habari, Mama."

"Mzuri. Endelea na kazi, fundi."

Sikumuuliza jina. Wewe ungemuuliza? Huku kwetu fundi hamuulizi mama wa nyumba yeye ni nani. Umeambiwa Mama yuko, umemkuta Mama, basi.

"Hako kakioo kanaonyesha nini?" akauliza.

"Kanaonyesha umeme unatumika kiasi gani, Mama. Kila kitu kinaonekana."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Yeye amewekewa friji. Amewekewa taa nne, na nyingine ya kujipodolea juu ya sinki. Mimi naomba waya mmoja."

"Yeye nani, Mama?"

"Si unamsikia huko jikoni akigongagonga sufuria? Anataka majirani wote wajue amepika."

Kweli, sufuria zilikuwa zikisikika kutoka kwenye nyumba kubwa. Nikajiambia, haya, wake wawili. Sauti hiyo naijua. Nimelelewa kwenye nyumba ya namna hiyo, na mama yangu ndiye alikuwa wa kwanza. Nyumba ya mama mdogo iliezekwa mabati mapya, yetu ikabaki ikivuja, na kila mvua iliponyesha mama alisogeza karai sakafuni huku akihesabu kwa sauti vitu vya mwenzake. Kwa hiyo kabla sijafikiri, nilikuwa tayari upande wa huyu.

"Waya wa nini, Mama?"

"Wa taa ya kusomea. Ulete hapa, upande wangu. Ncha mbili tu, taa nitajiletea. Na usiupitishe kwenye hicho kimashine chako. Sitaki changu kihesabiwe na mtu."

Nilijua ni kosa. Fundi yeyote anajua. Lakini taa ndogo ya kusomea inakula nini? Nikafunga hasi moja kwa moja kwenye betri, chanya nikaitia fyuzi, nikavuta waya hadi dirishani na kufunga tepu kila ncha. Vioo vyote vya gari vilikuwa vimeingia ukungu kwa pumzi yangu na baridi ya mvua, isipokuwa kile alichokuwa amekiinamia, uso wake ukikaribia kukigusa. Kile kilikuwa safi kabisa. Niliona, nikaendelea na kazi. Nilipogeuka kuchora waya ule kwenye daftari, halafu nikageuka tena, hakuwepo. Mlango sikuusikia.

Muda si mrefu akaja mwanamke mwingine, mdogo kwa umri, na mwavuli na kikombe.

"Fundi, chai."

"Asante, dada. Na Mama mkubwa hanywi?"

Akasimama. "Mama mkubwa gani? Mama hapa ni mimi, Rebeka. Ama unaniona mtoto?"

"Pole, Mama."

"Kunywa chai kabla sijakuletea mwiko." Alicheka, lakini macho yake yalikuwa yameenda kwenye kitanda.

Nikachukua kikombe. Ugomvi wa wake wenza si kazi ya fundi, ndivyo nilivyojiambia. Mzee aliporudi nilimwonyesha kioo, asilimia mia moja, akafurahi kama mtoto. Ule waya sikuutaja.

Jumapili mchana simu ikalia. "Fundi, kuja. Mita yako inasema uongo."

Rebeka ndiye aliyenisimulia, gari likiwa limesharudi uani. Kule msituni walilala vizuri, kioo kikionyesha themanini na nne. Alfajiri akaamshwa na kimya. Mashine ilikuwa imezimika, na Mzee ameketi, mikono miwili imeshika godoro, mdomo wazi, hawezi hata kumwita. Akaruka miguu mitupu hadi kiti cha dereva na kuwasha injini, ambayo ina betri yake. Injini ikaanza kulisha betri ya nyuma, na mashine ikarudi.

"Kioo kinasema sitini na moja," aliniambia kwa hasira. "Sitini na moja, na mume wangu anakufa!"

Nilizima kila kitu ndani ya gari. Kioo, pale kinapoonyesha umeme unaotumika, kikasoma sifuri. Nikachukua mita ya kubana, ile inayosoma umeme unaopita ndani ya waya, nikaibana kwenye waya wa dirishani. Amperi nne. Niamini, ncha zake zilikuwa bado ndani ya tepu yangu, hazijashikana na kitu chochote. Umeme hautembei kwenye waya usiounganishwa na kitu, hilo ni somo la kwanza la kazi hii. Huu ulitembea. Na godoro pale dirishani lilikuwa na joto, kama mtu ameamka sasa hivi.

Nikakiri yote. Kitambaa, sweta, maneno aliyosema. Mzee akatafuta mahali pa kukaa.

"Gari hili tulinunua na Tabitha," akasema. "Mke wangu wa kwanza. Alichagua upande wa dirishani. Hatukulisafiria hata mara moja. Akaugua, tukamzika kwao Ainabkoi."

Nikashika koleo nikate ule waya. Rebeka akanidaka mkono.

"Unakata ili iweje? Atafute mwingine nisioujua?"

"Rebeka, mwache akate, yaishe," Mzee akasema.

"Haukatwi! Wewe unamwita ukiwa usingizini, unafikiri sisikii? Fundi, upitishe kwenye mita. Kama anakula, nimwone akila. Sitaki mtu anikulie pumzi ya mume wangu kichinichini."

Nikahamisha ule waya wa hasi hadi upande wa pili wa shanti. Kioo kikaruka papo hapo: amperi nne. Rebeka akakitazama juu mpaka chini, kama mtu aliyekutana na mke mwenzake sokoni kwa mara ya kwanza.

"Haya," akasema. "Karibu."

Mpaka leo waya uko. Tuliongeza betri ya pili kwa ajili ya huyo wa dirishani, na Mzee anapumua. Rebeka hulala katikati. Hunipigia simu kunisomea namba: wakinuniana yeye na Mzee, inashuka hadi nusu amperi. Siku Mzee alipomnunulia Rebeka kitenge ilipanda hadi sita, fyuzi ikakatika. Rebeka akaweka nyingine mwenyewe, akarudi kulala.

Mimi siingii tena kwenye gari la mtu peke yangu. Nawe kama ni fundi, ukikuta mama ameketi ndani, muulize jina, hata akuone huna adabu, kisha umwite mwenye gari aje amwone. Na yeyote akikuomba waya usiohesabiwa, weka koleo chini kwanza. Uliza ni nani anayepumua kwa betri hiyo.