Cheni ya Taimingi Iliyolia Hadi Kakuma

Nilimbeba shangazi kwa pikipiki kutoka Lodwar kwenda harusi ya bintiye Kakuma. Njiani nikasikia chaka-chaka. Nikahisi cheni ya taimingi ndani ya injini imelegea. Ikiruka meno, injini imekufa.

Nikasimama. Shangazi aliposhuka, mlio ukakoma, ingawa injini ilikuwa bado inanguruma. Nikaamua kwamba cheni hulia ikilemewa, nikaikaza kwa bolti yake iliyo nje ya injini.

"Umeusikia ule mlio, shangazi?"

"Mlio gani? Twende, wewe!"

Tulipoondoka, bado ililia. Nikaikaza tena, mpaka injini ikawa nzito, tukatambaa kama kobe.

"Tutakuta wamekula hadi mifupa!" alifoka.

Tulifika maharusi wakitoka kanisani. Nikazima pikipiki. Shangazi akakimbilia wacheza ngoma, akaruka juu kwa furaha, na vibati vya shanga zake shingoni vikalia: chaka-chaka, chaka-chaka.